Ushuru wa korosho uwalee watoto wa Kibiti

SAUTI YA BONDE
Na Zainabu Mbonde

Mpunga ukishatoa masuke, bonde la Rufiji halilali. Tangu alfajiri hadi magharibi kuna mtu juu ya dungu anaamia ndege, maana kundi la kwelea likitua, jasho la miezi limepotea. Mara nyingi mtu huyo ni mama mwenye mtoto mgongoni. Msimu wa korosho ukifika, huko Bungu na Mjawa mama anaokota, mtoto kalazwa kivulini juu ya khanga. Kule delta, Salale na Mbwera, mama akienda kutafuta kaa na kamba, mdogo huachiwa dada yake.

Tukizungumzia malezi ya watoto wa wafanyakazi, mama huyu hatumhesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anapewa hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Ni haki njema, na mwajiri anayeikwepa abanwe. Lakini mwalimu wa Kibiti mjini likizo ikiisha hutafuta binti wa kazi na kumlipa kutoka mshahara wake mwenyewe. Mkulima hana hata hizo siku 84. Kwa wote wawili, mlango wa serikali hufunguka mtoto anapofikisha miaka 5, umri wa darasa la awali. Kabla ya hapo kila nyumba inajijua.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo tumemtwisha mtoto mwingine. Binti wa darasa la tatu anayekosa shule ili akae na mdogo wake ndiye anayelipa gharama ambayo sisi wakubwa tumekataa kuilipa.

Kwetu tatizo hili lina mizizi yake. Mwaka 1968 na 1969, baada ya mafuriko, serikali iliwahamisha wakulima wengi wa bondeni kwenda vijiji vya mwinuko. Watu walihama, mashamba hayakuhama. Ndiyo maana hadi leo msimu ukifika familia huhamia madunguni, mbali na shule na zahanati. Mtoto anayebaki kijijini hutengana na mama. Anayekwenda hukaa karibu na maji yenye mamba.

Wapo watakaouliza: mkulima ana mwajiri gani wa kumchangia malezi? Jibu langu ni kwamba anaye. Korosho inapouzwa kwa stakabadhi ghalani, halmashauri hukata ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Anayenufaika na jasho la mama huyu kila msimu ana wajibu kwa mtoto wake. Sehemu ya ushuru huo itengwe kila mwaka kulipa posho ya walezi wawili wa kituo cha kulelea watoto katika kila kijiji na kununua unga wa uji. Kwa wakulima wa bondeni, kituo kiwe cha msimu: kifunguliwe karibu na mashamba miezi ya kuamia na kuvuna, kisha kirudi kijijini.

Ipo pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa kama mikopo, 4 kati yake ikiwa ya wanawake. Vikundi vya akina mama vikopeshwe kujenga vituo, visajiliwe kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ustawi wa jamii avikague. Lakini mkopo peke yake hautoshi. Ada ambayo mkulima anaimudu haiwezi kurejesha mkopo na kumlipa mlezi kwa wakati mmoja. Posho ya halmashauri ndiyo itakayofanya ada iwe ndogo. Waajiri wa mjini, wenye shule, hospitali na maghala, nao wachangie kituo kimoja cha pamoja badala ya kila mmoja kusema hana wafanyakazi wa kutosha.

Jambo hili la kumlipa mlezi limewahi kuwekwa kwenye sheria. India, katika sheria ya ajira vijijini ya 2005, iliagiza kwamba kwenye eneo la kazi lenye watoto watano au zaidi wa chini ya miaka 6, mwanamke mmoja apangiwe kuwalea na alipwe ujira kama wenzake. Kazi za ajira za muda za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zingeweza kufuata kanuni hiyo hiyo.

Najua halmashauri itasema fedha ni chache, na zahanati na barabara zinasubiri. Ni kweli zinasubiri. Lakini mama mwenye mikono huru anaokota zaidi, na ushuru unaongezeka. Wengine watasema bibi yupo. Bibi wa Rufiji naye ana jaruba lake.

Programu ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, na muda wake ulipangwa hadi 2025/26. Programu hailei mtoto kama haina kifungu kwenye bajeti ya halmashauri.

Waheshimiwa madiwani wa Kibiti na Rufiji, wekeni kifungu hicho, hata mkianza na vijiji vichache. Nawe msomaji, katika mkutano wa kijiji ujao simama uulize: katika ushuru tuliokatwa msimu huu, ni shilingi ngapi zimekwenda kwa watoto wetu?