Waranti ya lori jipya: nani abadilishe oili?

Wasafirishaji wengi wanaonunua malori mapya huhofia kwamba kubadilisha oili nje ya gereji ya wakala kutafuta waranti. Hofu hiyo ina gharama. Safari nne za kwenda na kurudi kati ya Mombasa na Kampala hukaribia kilomita 10,000, na kila siku lori linapolala kwa wakala ni siku bila mzigo.

Nchini Afrika Kusini, miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza Julai 1, 2021 inampa mwenye gari uhuru wa kuchagua gereji wakati waranti ikiendelea. Hata hivyo, fundi wa nje akiharibu injini, mtengenezaji halazimiki kuilipia.

Miongozo hiyo haivuki mpaka. Kwa msafirishaji wa Afrika Mashariki, jambo la kwanza ni mkataba wa waranti, na wakati wa kuujadili ni kabla ya kulipa. Ukimruhusu kubadilisha oili mwenyewe, atumie daraja lililotajwa kwenye kitabu cha gari, atunze risiti za oili na filta, na aandike tarehe na kilomita. Injini ikifa, bila karatasi hizo madai yake hayatakuwa na nguvu.