Kiingereza cha mtoto kinaanzia kwa « niko nakula »



Tukisahihisha madaftari ya Kiingereza, kosa moja linarudi kila wiki. Tunauliza: mama anafanya nini sasa hivi? Mmoja anaandika « Mama cook », mwingine « Mama cooking ». Wote wanapoteza pointi. Tukiwaambia waombe musaada nyumbani, wanajibu: « Mama hajui Kiingereza. » Na mama naye anakubali. Sisi tunakataa.

Shida inatoka wapi? Mtoto anatafsiri kutoka Kifaransa. Kwa Kifaransa « je mange » inatosha kwa yote mawili: ninakula sasa, na ninakula kila siku. Kiingereza kinatenganisha. Lakini lugha zetu za nyumbani zinajua kutenganisha pia! Kwa Kilingala tunasema « nazali kolia » kwa sasa hivi, na « naliaka » kwa mazoea. Kwa Kiswahili chetu tunasema « niko nakula ». Angalieni vizuri: « niko » ni « I am », « nakula » ni « eating ». I am eating. Maneno yanafuatana vilevile.

Basi jioni, ukitwanga lituma, uliza mtoto: « Niko nafanya nini? » Ajibu kwanza: « Mama, uko natwanga lituma. » Kisha kwa Kiingereza: « You are pounding lituma. » Wewe sikiliza vitu viwili tu: « am », « is » ao « are » katikati, na « ing » mwishoni mwa kitendo. Kimoja kikikosekana, mwambie arudilie.

Kwa mazoea, « niko » inaondoka. Wagenia wanavua samaki kwenye maporomoko: « The Wagenia fish at the falls. » Lakini ukipita pale na kuwaona kazini: « They are fishing. »

Onyo moja. Kujua, kutaka na kupenda havifuati njia hii. Hata kama sisi tunasema « niko nataka mkate », kwa Kiingereza ni « I want bread », bila « ing ».

Dakika kumi kila jioni zinatosha, tena bila kitabu. Mama ambaye hakusoma Kiingereza anaweza kusikia kosa la Kiingereza, na mtoto akiona hivyo, hatasema tena kwamba mama hajui.