Mkono wa Askari Majini

Katika mafunzo ya kuogelea, amri inayosikika zaidi kandokando ya bwawa ni "Ongeza nguvu!" Kuruta huitii, hukaza misuli, huyachapa maji kama apigaye ngoma, na baada ya mita 50 hufika akihema, asiweze hata kutaja namba yake. Kwa maoni yangu amri hiyo haifai. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi; tena mwogeleaji akizidisha mwendo mara mbili, upinzani wa maji huongezeka yapata mara nne. Nguvu isiyo na ufundi huishia kwenye povu.

Tuwatazame wavuvi wa Ziwa Victoria. Mvuvi halichapi ziwa kwa kafi. Hulizamisha taratibu, hulisimamisha wima, kisha huuvuta mtumbwi hadi kafi lilipo. Katika mtindo huru, mkono ndio kafi, na bapa lake si kiganja peke yake, bali ni kiganja pamoja na kigasha, toka ncha za vidole hadi kiwiko. Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Mkono ukiisha kuingia majini na kunyooka mbele ya bega, kiwiko hutangulia kushuka. Kigasha hulala, na maji hupita juu yake pasipo kushikwa. Yapasa kiwiko kibaki karibu na uso wa maji, vidole vielekee chini, ndipo mkono uvute kwenda nyuma hadi upite nyonga. Vidole visibanwe sana. Wala mkono usivuke mbele ya kichwa kwenda upande wa pili, maana mwili hupinda kama nyoka, na bega ndilo hulipa gharama.

Elimu hii si ngeni. James Counsilman, kocha wa Chuo Kikuu cha Indiana huko Marekani, aliwapiga picha waogeleaji chini ya maji ili aone mkono unafanya nini hasa, akaandika kitabu mwaka 1968. Mwogeleaji wake, Mark Spitz, alitwaa medali 7 za dhahabu mjini Munich mwaka 1972.

Zoezi lake halihitaji fedha. Kuruta aogelee mita 25 akiwa amefumba ngumi. Atalazimika kuyatafuta maji kwa kigasha. Kisha afumbue viganja, ahesabu mapigo ya mikono. Aliyetumia mapigo 30 akishuka hadi 24 kwa muda uleule, amejifunza.

Atatokea afande wa kuniuliza kuhusu askari aliyevaa sare na buti. Huyo asijaribu mtindo huru hata kidogo. Mikono iliyolowa nguo haiinuliki juu ya maji. Nazungumzia mwokoaji aliyevua vizito vyake.

Tarehe 24 Novemba, 2018, chombo MV Templar kilizama karibu na ufuko wa Mutima, wilayani Mukono, na watu zaidi ya 30 walikufa. Ufuko haukuwa mbali. Katika umbali kama huo, mwokoaji anayemfikia mtu aliyekwisha pumzi, hali yeye mwenyewe hana pumzi, huongeza idadi ya wanaohitaji kuokolewa.

Kwa hiyo napendekeza kwamba mitihani yetu ya kuogelea, katika jeshi na polisi, ipime idadi ya mapigo pamoja na muda. Na katika majuma mawili ya kwanza, saa ya mkufunzi ibaki mfukoni.