Inzi wa Mkebeni Hawaondoki kwa Sumu

Wakulima wenzangu wa Namoruputh, nanyi mlio Lodwar na Kakuma, mwezi huu yafaa tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo. Ni habari ya wale inzi wadogo weusi warukao karibu na mikebe ya mishubiri tuliyoiweka mlangoni na dirishani. Watu wengi huwalaumu inzi, kisha hukimbilia dukani kununua dawa. Mimi nasema wa kulaumiwa ni kikombe cha maji.

Kwanza tuwajue inzi hawa. Si wale wa chooni, wala si mbu, hawang'ati mtu. Jike huishi yapata juma moja tu, lakini katika siku hizo aweza kutaga mayai mia na zaidi juu ya udongo wenye unyevu. Mayai huangua funza weupe, wembamba, wenye kichwa cheusi. Funza hao hukaa katika inchi mbili za juu za udongo, wakila ukungu, samadi inayooza na vijizizi vyororo. Udongo wa juu ukikauka, hawana maisha.

Basi fikirini. Apulizaye dawa huua wale warukao leo. Waliomo udongoni hutoka juma lijalo. Fedha imekwisha, na inzi wako pale pale. Tena wengine huchukua dawa ya kupe ya mbuzi, wakainyunyiza ndani ya nyumba wanamolala watoto, juu ya jani lile lile ambalo mama hulikata kumpaka mtu aliyeungua moto. Jambo hili ni la hatari, wala halifai kabisa.

Wapo watakaosema, "Jua la Turkana ni kali, nisipomwagilia kila siku mti utakufa." Kwa mche wa sukuma wiki maneno hayo ni kweli. Kwa mshubiri sivyo. Mshubiri, uitwao echuchuka kwa Kiturkana, huota wenyewe katika nchi yetu, ambayo mvua yake hapo Lodwar ni kama milimita 200 tu kwa mwaka. Huweka akiba ya maji katika majani yake manene, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, ili maji yasipotee mchana. Mti wa namna hiyo ukinyweshwa kila siku, mizizi huoza, na uozo ni karamu ya inzi.

Sasa tufanye hesabu. Mwenye mikebe sita, akitia nusu lita katika kila mmoja, hutumia lita 3 kwa siku. Kwa juma ni lita 21, yaani zaidi ya mtungi mzima wa lita 20. Mtungi huo mama au binti ameubeba kichwani kutoka kisimani, au kwenye shimo lililochimbwa mtoni, nao umetumika kulisha funza! Maji hayo yangenywesha kitalu cha miche. Tena inzi wakizidi huhamia kitaluni, na funza wao hula mizizi ya nyanya na sukuma wiki zingali changa. Hapo hasara imekuwa ya chakula.

Nawashauri hivi. Toboa tundu chini ya mkebe. Changanya udongo na mchanga mnene, nusu kwa nusu, wala usitie samadi mbichi. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole. Ukisikia unyevu, acha. Udongo ukiwa mkavu mpaka chini, mwagilia hata maji yatokee tunduni, kisha ngoja ukauke tena. Tandaza mchanga mkavu juu, unene wa nusu inchi, ili inzi wasipate mahali pa kutaga. Maji yaliyobaki kisahanini yamwagwe, maana mbu huzaa humo. Wale warukao uwategee kipande cha mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, kilichopakwa grisi. Rangi hiyo huwavuta, nao hunasa.

Usitazamie kuwamaliza kwa siku moja. Tangu yai hata inzi yaweza kupita majuma matatu au manne, kwa hiyo shikilia mwezi mzima. Kazi hii haihitaji fedha. Jioni ya leo, kikombe kile cha mshubiri kipelekwe kitaluni.