Mlima Tunaounywa Bila Kuuona

Nilipowaambia jamaa zangu hapa Mombasa kwamba nakwenda kulala hemani katika mbuga ya Shimba Hills, mama mkubwa aliweka chini kikombe chake cha kahawa akaniuliza, "Mwanangu, kwani nyumba imekukosea nini?" Waliobaki walicheka. Kulala mwituni, walisema, ni mambo ya Wazungu.

Hayo ndiyo ninayotaka kuyapinga leo.

Ilikuwa mwezi wa Machi, kaskazi imefika ukingoni na masika hayajaingia. Tulikuwa wanaume wanne. Tulivuka feri Likoni, tukakata njia Kombani, tukapanda hadi Kwale na hema mbili, mkate wa mofa, tende na chupa ya kahawa. Askari wa wanyama alitutangulia na bunduki begani, tukateremka kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick, maji yaangukayo zaidi ya mita 20. Kuteremka ni raha. Kupanda, mwenye kitambi na ajipime kwanza. Jioni tulimwona palahala, dume jeusi lenye pembe zilizopinda kurudi nyuma. Katika Kenya nzima hapa ndipo makao yao ya mwisho, nami nilikuwa sijamwona ila pichani.

Alfajiri mmoja wetu aliadhini mbele ya hema. Kibla hakikutusumbua, maana kutoka milima hii Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Nilipokuwa natawadha, maji baridi yakinichoma vidole, nilikumbuka jambo ambalo wazee wa mjini walikuwa wakilitaja: maji ya Marere. Chemchemi hiyo imo katika msitu huu, nayo imekuwa ikipeleka maji Mombasa tangu zama za Mwingereza. Kumbe mlima huu nimeunywa na kuutawadhia tangu utotoni, bila kuutia machoni!

Bomba likikauka mtaani twapiga kelele. Msitu ukikatwa kwa makaa, nani miongoni mwetu atakayejua? Wanaojua ni Wadigo na Waduruma wa kando yake, wanaokesha wakilinda mahindi yao yasiliwe na ndovu. Mwaka 1995 baadhi yao waliitoa ardhi yao Mwaluganje iwe hifadhi ya ndovu, wakitaraji riziki kutokana na wageni. Na wageni hao ni nani? Wengi watoka ng'ambo. Sisi tunaovuka Likoni kila mara kwenda arusi Ukunda hatukati kona ya Kombani.

Ati ni kuiga Wazungu. Mababu zetu walilala juu ya majahazi miezi na miezi, nyota ndizo dari yao, wala hakuna aliyewaambia wamemwiga mtu. Juu ya mabinti, hapo nakubali wazazi wana haki ya kuuliza. Basi hema zao ziwe upande wao, na shangazi mmoja mkali awe mlangoni.

Ningependa walimu wa madrasa wawapeleke vijana likizo ya Agosti, masika yakiwa yamekwisha. Waswali huko, waione chemchemi, wazungumze na wenye mashamba.

Mama mkubwa hacheki tena. Juzi aliniita kando akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama huko juu kuna choo cha heshima. Nimemwambia kipo.