Kimo Hakitabiri Mafanikio

Utabiri wa uteuzi (draft) wa wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani kwenda timu za kulipwa, katika kandanda ya Kimarekani na katika kikapu, una watetezi wanaodai kuwa takwimu za chuoni na vipimo vya mwili vinatosha kujua timu itamchukua nani na atafika wapi. Dai hilo linachanganya mambo mawili: kujua atakayechukuliwa ni kusoma mawazo ya timu, kujua atakayefaulu ni kazi nyingine kabisa.

Hata hilo la kwanza ni gumu. Timu hubadilishana zamu za kuchagua wakati uteuzi ukiendelea, na badiliko moja huvuruga orodha nzima.

Hoja inavunjika kabisa kwenye vipimo. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikuwa na kimo cha sentimita 221, na katika msimu wake wa mwisho wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia mitupo zaidi ya minne kwa mchezo. Juni 2009 Memphis Grizzlies wa ligi ya NBA wakamchukua wa pili. Vipimo vyote vilitimia, mafanikio hayakuja: wastani wake NBA ulikuwa pointi 2.2 kwa mchezo. Waliong'ara ni waliochukuliwa baada yake: wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba Stephen Curry, mwembamba asiyetisha mtu. Futikamba ingeona nini kwa Curry? Katika kandanda ya Kimarekani, Tom Brady naye, mwaka 2000, alisubiri hadi nafasi ya 199, kisha akatwaa ubingwa wa Super Bowl mara saba.

Thabeet alichelewa kuanza kikapu, na kimo hakionyeshi miaka ya mazoezi iliyokosekana. Kocha wa Isaka au Kahama nchini Tanzania akiifuata hoja ya vipimo atawapanga vijana ukutani, achukue warefu, na kuwarudisha nyumbani wenye shabaha.