Dawa Isiyo na Chupa Nayo Ipimwe

Sisi wanachama wa Masieda, huku Mbulu, tuna shauri na wakubwa wa utafiti, nasi twalisema hadharani.

Kwetu mtu akishikwa na ugonjwa wa mawazo, au mwili ukimwuma pasipo jeraha, mara nyingi haanzii hospitali. Huanzia kwa mganga, au kwa wazee. Wairaqw tunayo slufay: mzee hutamka maneno ya kuiombea nchi na watu heri, na waliokaa humwitikia kwa pamoja. Hatusemi slufay ni dawa. Lakini tumeona watu walioingia katika vikao vya wazee wameinama, wakatoka wameinua shingo. Na wengine tumewaona wakicheleweshwa kwa waganga hata kifafa kikawaangusha motoni. Yule alisaidiwa na nini, na huyu aliangamizwa na nini? Twataka jibu la hesabu.

Mkoloni hakutaka kujua. Mwaka 1928 alitunga sheria ya uchawi, mganga wa kweli akaficha mfuko wake sawa na tapeli. Tulipojitawala, Muhimbili walianza kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, na mwaka 2002 ikapitishwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Twasifu! Lakini tazameni kinachopimwa zaidi: mizizi na magome. Gome hutiwa mfukoni likapelekwa Dar es Salaam. Neno la faraja haliingii mfukoni.

Mwaka 2011 Mzee Ambilikile Mwasapila wa Samunge, Loliondo, alitoa kikombe kwa shilingi 500, akisema nguvu yake yatoka kwa Mungu. Watu walimiminika kwa maelfu. Wako waliofia foleni, na wako walioacha vidonge vyao vya UKIMWI. Wataalamu waliuchunguza mti. Imani iliyowasukuma watu wale, nani aliipima?

Wala tusiambiwe haipimiki. Huko Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa benchi na wenye mawazo na kuwasikiliza. Ugonjwa waliuita kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Wakapimwa watu 573 katika zahanati 24 za Harare, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona ni 14 katika kila 100 waliokaa benchi, na 50 katika kila 100 waliopata huduma ya kawaida. Je, Masieda hatuna bibi?

Hospitali ya Haydom imo humu humu Mbulu, tangu 1955. Basi utafiti ufanyike huku, kwa Kiiraqw. Mganga aketi mezani na daktari, asiachwe nje chini ya mti akingoja posho. Mgonjwa akubali kwa hiari yake, na asinyang'anywe vidonge ili ajaribiwe. Na jibu, tamu au chungu, lirudishwe barazani kwetu, maana tumechoka kuandikwa katika vitabu tusivyoletewa. Ikionekana mganga fulani hana kitu, sisi wenyewe tutakwenda kumwambia, ingawa wengine ni wajomba zetu.

Mwenye kifafa aliye nyumbani leo asingoje utafiti huo. Apelekwe hospitali, na wazee wamwombee njiani.